Bia ya Baba wa Bibi Harusi

Jumamosi ile sufuria ya Delmar Kostuch ilivuja kwa mara ya nne, na mkewe Arlys, aliyekuwa jikoni akimenya nyanya, alijua bila kuambiwa. Matusi yalipenya ukuta wa gereji. Yalianza yale ya kawaida, ya kila mtu, yakafuata ya Kipolandi aliyoachiwa na bibi yake, na Del akishafika kwenye ya Kipolandi ujue mambo yameharibika kabisa. Arlys aliweka kisu, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kuona.

Alimkuta mumewe amepiga magoti sakafuni, suruali imelowa mpaka mapajani. Sufuria ilikuwa juu ya meza ya mbao, kubwa, yenye kimo cha mtoto wa chekechea, ya chuma kisichoshika kutu, inayomeza galoni thelathini bila kulalamika. Ubavuni, karibu na kitako, Del alikuwa ametoboa tundu na kupitisha koili ya umeme, ile inayokaa ndani ya matangi ya maji moto majumbani, ili apike bia bila gesi. Jiko lake la gesi aliliuza mwaka jana, miezi mitatu baada ya kiwanda cha karatasi kufungwa. Koili yenyewe ilikuwa nzima, inachemsha vizuri. Tabu ilikuwa tundu. Pale koili ilipoingia, maji yalitafuta upenyo, yakaupata, yakatambaa nje hadi kwenye kisanduku cha nyaya, na swichi ya usalama ukutani ikajizima.

"Bado?" Arlys aliuliza.

"Wewe unaonaje? Nimekaa humu kwenye dimbwi naogelea?"

"Mimi nimeuliza tu, Del."

"Basi usiulize." Alichukua spana yake kubwa ya mabomba, ile ndefu kama mkono wa mtu, akaikaza nati nusu mzunguko mwingine huku mishipa ya shingo imemtoka. "Itakaza tu. Haijazaliwa nati ya kunishinda mimi. Miaka thelathini na moja nimefunga mabomba ya mvuke pale kiwandani. Mvuke, Arlys! Mvuke unaoweza kumchuna mtu ngozi. Nije nishindwe na sufuria?"

Chini ya nati tone likavimba, likaning'inia, likadondoka. Wote wawili walilitazama. Arlys hakusema kitu, maana katika miaka ishirini na saba ya ndoa alikuwa amejifunza kwamba kuna ukweli ambao mwanamume anaweza kuambiwa na tone la maji lakini si na mke wake.

Harusi ya binti yao Brenna ilikuwa imebakiza wiki nne. Baba wa bwana harusi, Dakta Haldorsen, daktari wa meno kule Appleton, alikuwa amechukua gharama zote: ukumbi wa kando ya ziwa, chakula, maua, bendi. Alizichukua kwa upole, akitabasamu, na upole huo ndio uliomchoma Del. Siku ya chakula cha uchumba alisimama na uma wake mkononi mbele ya ndugu wote wa wale watu akatangaza, "Bia ni yangu. Kwetu baba wa bibi harusi ndiye anayenywesha watu. Mmoja wenu akinunua hata chupa moja nitakuwa nimetukanwa." Watu walimpigia makofi. Bia ya Del walishaisikia. Kwa miaka ishirini mtaa mzima ulikuwa ukiinywa bure kwenye gereji ile.

Sasa kimea kilikuwa kimeshasagwa, magunia mawili, na hamira ilikuwa kwenye friji karibu na maziwa. Bia ile ilihitaji wiki nne kasoro siku mbili ili ichachuke, itulie na kuingizwa kwenye mapipa. Ikipikwa kesho Jumapili, ingekuwa tayari siku moja kabla ya harusi. Ikipikwa Jumapili ijayo, wageni wangekunywa matope.

Simu ya jikoni ikaanza kulia.

"Pokea wewe," Del alisema bila kuinua kichwa. "Kama ni Brenna, mwambie inaendelea vizuri."

*

Alikuwa Brenna kweli, na alianza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejifungia chooni.

"Mama, Baba yuko karibu?"

"Yuko gereji. Kuna nini?"

"Usikasirike. Dakta Haldorsen anauliza habari ya bia. Anasema muuzaji wa jumla anataka kujua kabla ya kesho saa sita mchana, vinginevyo mapipa hayatapatikana. Ni kama akiba tu, Mama. Endapo."

"Endapo nini?"

Brenna alishusha sauti zaidi. Kisha akasema, "Mama, nilikuja wiki mbili zilizopita. Niliiona ile sufuria."

Arlys alivuta kiti akaketi. Nyanya alizomwagia maji ya moto zilikuwa zinapasuka maganda ndani ya karai. "Baba yako ameshasema atapika. Ukimletea bia ya dukani siku hiyo utakuwa umemuua akiwa amesimama."

"Najua. Ndiyo maana nakupigia wewe. Watu mia na themanini, Mama. Sitaki asimame pale mbele yao na mapipa matupu. Mimi nitafanyaje siku hiyo? Nitacheza muziki?"

Mkono mtupu haulambwi, waliosema walisema kweli, na Arlys aliujua mkono wa nani uliokuwa ukizungumzwa. Alifanya hesabu ya saa kichwani, akamwambia bintiye asubiri hadi kesho saa sita. Ikifika saa hiyo sufuria haijaziba, atampigia mwenyewe na kusema ndiyo. Asimwambie mtu. Hasa baba yake.

"Alikuwa anasemaje?" Del aliuliza Arlys aliporudi gereji.

"Anakusalimu."

"Umemwambia inaendelea vizuri?"

"Nimemwambia."

*

Del alitaka kwenda duka la vifaa akiwa peke yake, lakini Arlys alihitaji vifuniko vya chupa za nyanya, kwa hiyo walikwenda pamoja kwenye pikapu. Njia nzima Del alieleza mpango wake. Tepu nyeupe aliyoizungusha kwenye nyuzi za koili, ile mistari ya skrubu shingoni, haikutosha, angeongeza. Na safari hii angepaka gundi ya silikoni ndani na nje, donge zima, halafu aone maji yatapita wapi.

"Kwani ile pete ya mpira iliyokuja na koili umeiweka?"

"Ile ya rangi ya chungwa? Nimeitupa kwenye droo. Mpira wa kuchezea watoto ule, unabonyea ukiugusa. Kiwandani tulikuwa tunafunga kwa chuma na nguvu."

Mlangoni mwa duka Del alisita. Nyuma ya kaunta ya mabomba, akiwa amevaa kizibao chekundu chenye jina lake kifuani, alisimama Roland Zastrow. Roland alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani. Kwa miaka kumi na minne ndiye aliyempangia Del kazi. Sasa alikuwa anauza misumari kwa kupima kwenye mizani, akiwa na miaka sitini na moja.

"Twende la kule barabara kuu," Del alinong'ona.

"La kule linafungwa saa saba na sasa ni saa saba kasoro tano. Acha utoto, ingia."

Roland aliwaona, uso ukachangamka, kisha ukajikunja kidogo, kama anavyofanya mtu anayekumbuka amevaa nini. "Aisee, Kostuch! Bado uko hai?"

"Niko niko tu. Wewe je?"

"Kama unavyoniona. Wamenipa kizibao." Alicheka peke yake. "Umepata kazi?"

"Natazama tazama."

"Tazama vizuri, ndugu yangu, maana mimi nilitazama miezi kumi na moja nikaona hiki. Haya, nikupe nini?"

Del alikohoa. "Silikoni. Tyubu mbili."

"Ya kuzibia nini?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na Arlys, aliyekuwa hatua mbili tu nyuma na vifuniko vyake mkononi, aliyaona yakiharibika. Del alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, sufuria. Lakini angesemaje mbele ya mtu aliyekuwa akimtuma kwenda kuzuia mvuke wa kupasua kuta, kwamba ameshindwa kuziba sufuria?

"Ya bafuni," alisema.

"Bafuni! Bafu linakuvujia wewe? Wewe, Kostuch?" Roland akamgeukia mteja mwingine aliyekuwa akichagua bawaba. "Huyu bwana ndiye aliyekuwa fundi bomba bora kiwanda kizima, na bafu linamvujia. Kweli mganga hajigangi." Akaweka tyubu mbili kaunta. "Kama ingekuwa kitu cha kugusa chakula ningekupa nyingine, iko pale juu. Lakini kwa bafuni hii inatosha."

Arlys alimfinya mumewe kiuno. Del alisogeza kiuno chake pembeni, akalipa, akashukuru. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko kizibao cha Roland.

Ndani ya pikapu Arlys alishindwa kujizuia. "Amesema iko ya chakula, Del. Iko pale juu. Ulikuwa unyooshe kidole tu."

"Silikoni ni silikoni."

"Rudi ukabadilishe. Au nishuke mimi."

"Ukishuka usinifuate tena nyumbani."

Hakushuka. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa mengine yote, lakini wakati ule aliona uso wa mumewe ulivyokuwa, akaona ni afadhali bia iharibike.

*

Jumapili walikwenda misa ya kwanza. Padri alihubiri habari ya subira, na Del akatazama saa yake mara tisa. Walirudi bila kupitia kahawa ya ukumbini, Del akavua tai njiani, na ilipofika saa nne na nusu sufuria ilikuwa imejaa maji ya kujaribia na swichi imewashwa.

Silikoni ilikuwa imekauka usiku kucha, donge jeupe nje na donge jeupe ndani. Maji ya baridi hayakupita. Del alipiga goti, akapitisha kidole chini, akakitazama kidole. Kikavu. "Umeona?" alisema. "Umeona sasa?" Arlys aliona, na moyo wake ukaanza kujiachia kidogo. Walisimama pale kama watu wanaosubiri mkate uumuke.

Maji yalipopata moto harufu ikaja. Ilikuja kidogo kidogo, kisha yote kwa pamoja, kali, ya kukata pua. Arlys alichota maji kwa kijiko, akapuliza, akaonja. Akatema kwenye ndoo.

"Siki," alisema. "Del, hii ni siki. Tunawapelekea bia au achari?"

"Itapungua ikichemka."

"Ikichemka itaingia kwenye kila tone!"

"Nimesema itapungua!"

Haikupungua. Maji yalipoanza kutokota, donge la nje lilivimba upande mmoja, likaachia chuma, na uzi mwembamba wa maji ya moto ukateremka moja kwa moja kwenye kisanduku cha nyaya. Swichi ikajizima. Gereji ikawa kimya, isipokuwa maji yaliyokuwa yanaendelea kunung'unika ndani ya chuma.

Del hakutukana safari hii. Alichukua spana kubwa, akaifunga kwenye nati, akaweka mguu mmoja kwenye meza, akavuta kwa uzito wake wote. Kitu kikalia ndani ya chuma, kama bati linalokanyagwa. Akavuta tena. Maji yakaanza kutoka mengi zaidi, na ndipo alipoirusha spana. Iligonga mlango wa gereji ikaacha shimo, na Del akasimama akiangalia shimo lile huku mikono yake inaning'inia. Ilikuwa mikono mikubwa, yenye makovu ya mvuke hadi kwenye viwiko, na haikuwa na kazi yoyote duniani.

Arlys alifungua bomba la chini la sufuria, akayaacha maji yamwagike kwenye mfereji. Akaipoza sufuria kwa maji ya baridi, akachukua taulo, akaingiza kichwa na mkono ndani ya sufuria, akapapasa kuzunguka tundu. Alipapasa mara mbili.

"Umelikunja bati," alisema kutoka ndani, sauti yake ikivuma.

"Nini?"

"Njoo upapase. Pamebonyea kuzunguka tundu lote. Umekaza mpaka umelivuta likaingia ndani. Hakuna mpira wala gundi itakayokaa hapo, Del, si pameshakuwa kibonde?" Alitoa kichwa, nywele zimemlowa. "Chupa zangu za nyanya hivyo hivyo. Ukikikaza kifuniko kwa nguvu zako zote kinabonyea, na kikibonyea hakizibi. Unakaza kwa ncha za vidole tu, basi. Moto ndio unamalizia. Mama yangu alinipiga kofi kwa kosa hilo nikiwa na miaka kumi."

"Hizi siyo nyanya."

"Najua siyo nyanya."

"Unakuja kunifundisha mimi kuziba bomba kwa nyanya? Mimi?" Alicheka kicheko kibaya. "Basi kesho naandika barua kiwandani niwaambie walikosea kuniajiri, wangemwajiri mke wangu na chupa zake."

"Kiwanda kimefungwa, Del," Arlys alisema.

Alitaka kuyarudisha maneno hayo hata kabla hayajamtoka yote, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Del alimtazama kama mtu aliyepigwa na mtoto wake. Kisha akageuka, akaanza kukwangua silikoni kwenye nati kwa kisu cha mfukoni, polepole, akimpa mgongo.

Arlys aliingia jikoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika nne. Alisimama mbele ya simu hadi kasoro mbili. Akampigia binti yake, akasema, "Mwambie aagize," akakata kabla Brenna hajauliza kitu.

*

Alikuwa amejaza chupa ya saba ya nyanya mlango wa gereji ulipofunguliwa. Del alisimama pale na koili mkononi, imekwanguliwa safi, inang'aa. Kwenye kiganja cha mkono wa pili alikuwa na pete ya mpira ya rangi ya chungwa.

"Nimelinyoosha bati," alisema. "Nimeweka kipande cha mti nyuma, nikaligonga kwa nyundo ya mpira. Limekaa sawa." Akanyoosha kiganja chenye pete. "Halafu hapa ndipo sijui. Nionyeshe unavyofanya wewe."

Katika miaka yote ile hakuwahi kumwomba amwonyeshe kitu chochote, si gari, si bomba, si hata jinsi ya kukunja shuka. Arlys alitamani kulia, na aliona haya, kwa sababu kilichomliza hakikuwa furaha peke yake. Aliifuta mikono yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kwanza pawe pakavu," alisema. "Pakavu na pasafi. Hiyo tepu toa."

"Yote?"

"Yote. Nyuzi hazizibi kitu hapa, ni za kushikilia tu. Kinachoziba ni mpira."

"Kiwandani nyuzi ndizo zilizoziba."

"Kule nyuzi zilikuwa na ukuta mnene wa kushika. Hili bati jembamba hivi lina nini?"

Del alifikiri. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi anayeitikia fundi mwenzake, akaanza kuitoa tepu.

Walipangusa tundu ndani na nje hadi taulo ikatoka nyeupe. Arlys aliivisha pete kwenye shingo ya koili, akaisukuma kwa dole gumba mpaka ikakaa sawa pande zote. Del aliingiza koili kutoka ndani, Arlys akaisokota nati ya nje kwa vidole mpaka ikagusa chuma.

"Sasa wewe. Kwa mkono tu."

Del alikaza kwa mkono. Alipofika mwisho mkono wake ukaenda wenyewe kwenye spana, Arlys akaupiga.

"Robo mzunguko, na kwa spana ndogo. Ukipitisha hapo nakupiga kofi la mama yangu."

"Robo," Del alisema, akakaza robo, na kuachia hapo kulimtoa jasho kuliko kukaza.

Walijaza maji. Kavu. Wakawasha swichi. Maji yakapata joto, yakapata moto, yakaanza kufuka mvuke. Kavu. Yakatokota mpaka gereji nzima ikawa ukungu, na Del amelala chali chini ya meza akiangaza kwa tochi, akisema, "Kavu. Arlys, kavu. Kavu, mwanamke wewe!" Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, kinachoanzia tumboni, ambacho hakikuwa kimesikika nyumba ile tangu kiwanda kifungwe. Alitoka chini ya meza na buibui kwenye nywele, akamkumbatia mkewe na maji yake yote.

"Saa nane kasoro," alisema. "Tunapika mara mbili, tunamaliza kabla ya jua kuzama. Mwaga hayo, lete kimea! Haldorsen atakunywa mpaka asahau meno ya watu."

Arlys alileta kimea. Angemwambia wakati gani? Aliona ni afadhali ampigie Brenna, afute neno lake kimya kimya, na mambo yaishe bila mtu kujua. Mchanganyiko ulipoanza kunukia utamu wa nafaka na Del akiwa anakoroga kwa kasia la mbao huku anapiga mluzi, aliteleza akaingia jikoni.

"Brenna, sikiliza. Imeziba. Baba yako anapika sasa hivi. Mwambie daktari asiagize."

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Brenna?"

"Mama, haiwezekani."

"Mpigie muuzaji basi. Ni saa mbili tu zimepita."

"Siyo saa mbili." Brenna alianza kulia. "Tuliagiza tangu Julai, Mama, mwezi mzima sasa. Mapipa sita. Yameshalipiwa. Jana nilipiga ili tu... nilitaka wewe ndiye useme ndiyo, nisiwe nimemfanyia Baba hivyo peke yangu. Nampenda Baba, Mama, haki ya Mungu nampenda. Lakini sikuwa na imani kwamba ataweza. Tangu kazi iishe hamalizi mwezi bila kitu kumshinda."

Arlys alihisi mtu nyuma yake. Mluzi ulikuwa umekoma, hakujua tangu lini. Del alisimama mlangoni na kasia linalochuruzika, akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Mapipa mangapi?" aliuliza.

Arlys alisikia sauti ya binti yake ikikatika katika, ikieleza, ikiomba. Del alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimtisha Arlys zaidi.

"Usilie," alisema. "Usilie, mwanangu. Umefanya la maana, wageni hawawezi kukaa na kiu kwa sababu ya kiburi cha mzee mmoja. Nitakuja. Wewe niambie tu mmenipangia kukaa meza gani."

Aliirudisha simu ukutani, akarudi gereji. Kasia lilikuwa limeacha mstari wa utamu sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye simu. Arlys alilitazama dimbwi dogo pale aliposimama mumewe. Angeweza kunyamaza. Agizo la Julai lilikuwa limelifunika la kwake, na hakuna ambaye angelifukua kamwe.

Alimfuata. Del alikuwa anakoroga, taratibu, kwa sababu kimea kikiachwa huungua, hakijali ya watu.

"Del. Mimi pia nilisema ndiyo. Leo, saa sita."

Kasia lilisimama, likaendelea. "Kabla hujanionyesha au baada?"

"Kabla."

"Kwa hiyo uliponionyesha ulijua bia hii haina pa kwenda."

"Nilijua."

"Sasa ulinionyesha kwa nini?"

Arlys alitafuta jibu zuri, la kumfaa mwanamume aliyekuwa amevunjika vile, akalikosa. Alisema lililokuwepo.

"Kwa sababu ilikuwa inavuja, Del. Na wewe uliniomba."

Del alitazama ndani ya sufuria. Alikoroga muda mrefu, mvuke ukimlowesha uso hata usijue kipi mvuke na kipi machozi. Kisha akasogea hatua moja pembeni, akauacha upande mmoja wa kasia wazi. Arlys aliushika, wakakoroga pamoja bila kutazamana, mpaka kengele ya saa ya jikoni ikalia kwamba ni wakati wa kuchuja.